Sifuri Iko Juu

Katika mtaa mzima wa Jericho hapakuwa na mtu anayejua mambo ya sauti kama Obura, na kama ulikuwa na shaka, yeye mwenyewe angekutoa shaka hiyo. Angekutoa hata kama umekuja kuazima spana tu. Alikuwa amefanya kazi reli, upande wa simu, mpaka walipopunguzwa yeye na wenzake, na tangu hapo chumba cha nyuma cha nyumba yake ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, kikawa studio. Kuta alizibandika trei za mayai kuanzia sakafuni hadi juu. Dirisha alilizibia godoro la mtoto ambaye kufikia wakati huo alishaota ndevu na kuhamia Kisumu. Mlangoni palining'inia blanketi, na ole wako uliinue mtu akiwa anarekodi.

Aliyetawala humo ndani ni mashine ya kurekodi kwa mikanda, nzito ajabu, ambayo kuisogeza tu kulihitaji kuita majirani. Nyuma ya kioo chake kidogo ilicheza sindano, na sehemu ya mwisho ya njia ya sindano ilipakwa rangi nyekundu. Mashine ile ilipenda kusukumwa. Ukiisukuma kidogo sauti ilinenepa, ikapata mafuta, na Obura alijua hasa pa kuisukuma. "Sindano isiyogusa nyekundu ni sindano mvivu," alipenda kusema, na kwaya zilizotoka Shauri Moyo na Makongeni kuja kurekodi kwake ziliitikia kwa kichwa kwa heshima, maana zilikuwa ndani ya nyumba yake na zilikuwa zinakunywa chai yake.

Alirekodi kila mtu. Alirekodi akina mama, akarekodi vijana, akarekodi mwinjilisti mwenye kigugumizi, akarekodi hata Bwana Andati wa duka la makaa ambaye hakuwa na sauti wala wimbo. Mtu mmoja tu hakuwahi kumrekodi ipasavyo, naye ndiye aliyelala naye kitanda kimoja.

Huyo ni Jacklyne Aoko, au Mama Atieno ukitaka kuitikiwa haraka. Shida haikuwa kwamba hakuwa na sauti. Shida ilikuwa anayo. Aliuanza wimbo taratibu, kama mtu anayeongea na jirani juu ya ua, halafu bila kukuonya akaruka na sauti hadi juu. Sindano ya Obura iligonga mwisho wa kioo, tak! Obura akavua hedifoni, akasema maneno ambayo kanisa lote liliyajua kwa moyo.

"Rudi nyuma kidogo, Mama Atieno."

Naye akarudi. Akaambiwa tena, akarudi tena. Katika kaseti ya kwanza ya kwaya ya kanisa lao aliimba akiwa kwenye korido. Katika ya pili alifika jikoni. Ukiisikiliza kaseti hiyo ya pili vizuri kabisa kuna mahali maji yanachemka, na hapo nyuma ya maji ndipo alipo Mama Atieno. Mbele ya maiki alisimamishwa Nzilani, jirani na rafiki yake, Mkamba mwenye sauti nyororo isiyomsumbua mtu wala sindano.

Mama Atieno hakununa. Kununa hakukuwa kazi yake. Wageni wakija aliwapakulia chakula na kuwaambia, "Mume wangu ananipenda sana, lakini kwa mbali." Wageni wakacheka, Obura akacheka pia, ingawa kicheko chake kilichelewa kidogo.

Sasa, mwaka ule baada ya mvua za El Nino, rovu lililokuwa shingoni mwa Mama Atieno, ambalo siku zote alilifunika kwa kitambaa na kulisahau, lilianza kukua na kumbana pumzi. Daktari akasema litolewe. Alieleza pole pole, bila kuwaficha: mshipa unaoendesha sauti unapita palepale nyuma ya uvimbe, wengi hurudi na sauti yao, wachache hurudi na mkwaruzo, na wachache zaidi hurudi na pumzi tu. Yeye hangeweza kuahidi. Akampangia kulazwa Jumatatu, wiki mbili baadaye.

Na Desemba, Atieno, binti yao, alikuwa anaolewa. Mama alikuwa amemtungia wimbo wa kumtoa nyumbani, wimbo wake mwenyewe, aliouokota kipande kwa kipande akiwa anaosha vyombo, unaoishia kwa vigelegele virefu mtoto akivuka mlango. Hakuna mtu mwingine aliyeujua wimbo ule.

"Nikirudi na pumzi tu," alimwambia Obura huku akichagua mchele, "mwanangu nitamtoa na nini? Nirekodi. Na safari hii sisimami jikoni."

Obura akaitikia haraka sana. Kisha akaenda chumba cha nyuma, akasimama mbele ya mashine yake ya mikanda iliyokuwa imekufa mwezi uliopita kwa harufu ya kuungua, akaipiga kofi ubavuni. Aliogopa. Tuseme ukweli, aliogopa mpaka akaketi juu ya spika.

Aliyewatoa kwenye shida hiyo ni Kiilu, na hilo lenyewe lilimkera Obura, maana Kiilu ndiye aliyekuwa anamchukua Atieno. Kijana wa mtaa wa Donholm, mtoto wa mchonga vinyago, karani kwenye ofisi moja ya bima mjini. Ofisi ilikuwa inabadilisha kompyuta, na Kiilu akapata moja ya zile zilizotolewa. Aliileta Jumapili kwa pikapu ya kuazima, imefunikwa shuka kama mgonjwa, ikiwa tayari imewekewa programu ya kurekodi aliyopewa na rafiki yake. Akaunganisha nyaya, akaiwasha, ikanguruma, na Mama Atieno akapiga makofi kutoka jikoni.

"Hii hapa ndiyo mita, mzee," Kiilu alisema. Kwenye skrini ilisimama nguzo nyembamba, tupu. Kiilu akapuliza maiki, nguzo ikajaa kijani kutoka chini. "Kijani hakuna shida. Manjano, chunga. Nyekundu..."

"Nyekundu naijua," Obura akamkatiza. "Nilianza kuijua wewe ukiwa unanyonya."

"Mzee, hii si ile. Ukigusa hii, sauti inakatwa kichwa. Halafu cheki, sifuri iko juu, si chini. Hapa juu kabisa. Chini ya hapo zote ni hasi: hasi sita, hasi kumi na mbili, hivyo hivyo mpaka huku mwisho. Wewe kaa na hasi kumi na mbili, hata chini ya hapo, utakuwa poa. Na uweke kabla ya kurekodi, mzee. Ikishaingia imeharibika, hata ukiishusha baadaye ni bure."

"Mm," Obura akasema.

Wanaomjua Obura wanaijua hiyo "mm" yake. Ukiambiwa hivyo, jua ulikuwa unaongea na trei za mayai. Obura hakuwa ameshika hata moja kati ya maneno yale, ila neno moja lililomkwama kooni: hasi. Shuleni kule Siaya hasi ilikuwa imemletea viboko. Katika maisha yake yote hajawahi kusikia mtu akiwa chini ya sifuri na akapewa pongezi. Na sasa mtoto wa juzi, ambaye hata binti hajamwoa bado, anamwambia amweke mke wake kwenye hasi, tena kumi na mbili!

Jumamosi ikafika. Mama Atieno aliingia studio amevaa gauni lake la zambarau la kanisani, kitambaa kipya shingoni, na mafuta usoni.

"Unaenda wapi?" Obura akamuuliza.

"Kwenye kaseti."

Obura akaisogeza maiki, akampangia mahali pa kusimama. Mama Atieno akasimama karibu na mlango.

"Karibu," Obura akamwambia. "Njoo karibu zaidi."

"Nani, mimi?"

"Kuna mwingine humu?"

Mama Atieno akageuka akaangalia jikoni, kwa mazoea tu, kisha akaja mbele. Katika ndoa yao yote hakuwa amewahi kuiona maiki ile kwa ukaribu huo. Aliigusa kwa kidole kuona kama ina vumbi, ikawa nalo, akaifuta kwa ncha ya kitambaa chake.

"Haya, jaribu."

"Helo, helo," akasema Mama Atieno kwa sauti ya mtu anayemsalimia askofu. "Moja, mbili. Moja, mbili."

Ndivyo ilivyojaribiwa kila maiki katika kila kanisa na kila mkutano wa chifu, na Obura hakuona sababu ya kuvunja desturi. Akaangalia nguzo kwenye skrini. Kijani kilipanda kidogo tu, kikaishia huko chini kwenye hasi thelathini. Roho ikamuuma. Akashika kirungu cha mixa yake, kile kisanduku cha kupandishia na kushushia sauti, akakizungusha. Hasi ishirini. Akazungusha tena. Hasi kumi. Alizungusha mpaka "moja, mbili" ya mke wake ikawa inacheza juu kabisa kwenye manjano, inaikaribia sifuri.

"Hapo," akasema, akaegemea kiti. "Hapo ndipo mke wangu anapokaa."

Mama Atieno akaimba. Ubeti wa kwanza uliingia mpole, unamkumbusha Atieno namna alivyokuwa akijificha chini ya meza asiogeshwe. Katika ubeti wa pili akaruka, na nyekundu ikawaka juu ya nguzo na haikuzimika tena. Obura akafurahi jamani! Akamwinulia dole gumba. Hedifoni zake zilikuwa zimechomekwa kwenye mixa, kwa hiyo masikioni mwake kila kitu kilikuwa safi kama kawaida. Kilichokuwa kinaingia kwenye kompyuta hakukijua. Vigelegele vilipokwisha Mama Atieno akashika shingo yake, akavuta pumzi kwa tabu, akaketi.

"Nipigie nisikie," akasema kwa sauti iliyoanza kukauka.

Obura akapiga. Kwenye spika ukatoka mlio wa mtu anayekaanga omena, wale dagaa wa ziwani, kwa mafuta mengi, na ndani ya mafuta hayo, kwa mbali, kulikuwa na mwanamke.

Mama Atieno akasikiliza mpaka mwisho. "Huyo anayekaanga ni nani?"

Obura alishika kipanya, akavuta kirungu kidogo cha sauti kwenye skrini akakishusha, akapiga tena. Omena zikaendelea kukaangwa, ila pole pole.

"Sasa anakaanga kwa adabu," Mama Atieno akasema.

Siku nyingine Obura angecheka. Siku hiyo alivua hedifoni akaziweka mezani. Wimbo mzima, vigelegele na yote, umeharibika, na Jumatatu iko mlangoni.

"Baba Atieno," mkewe akasema, na safari hii hakuwa anatania, "nimebaki na mara moja. Zaidi ya hapo hili koo halitoi. Ulimsikiliza kweli yule kijana?"

"Nilimsikiliza."

"Alisema nini?"

"Alisema nikuweke kwenye hasi!" Obura alifoka, na alipoanza hakuweza kujizuia. "Miaka yote hii nimekuweka nyuma. Kwaya nzima imesimama mbele yako, na ni mimi niliyesema rudi nyuma, ni mimi, si mtu mwingine. Leo ndiyo siku yako, halafu kompyuta inaniambia nikuweke chini ya sifuri. Sitaki! Mke wangu hakai chini ya sifuri."

Maneno hayo Mama Atieno alikuwa ameyangojea kwa miaka mingi, na yamekuja siku ambayo hana pumzi ya kuyafurahia. Akainuka, akaenda jikoni kutia maji ya moto na asali. Obura akamfuata nyuma akiwa bado anajitetea, na kwa kuwa alikuwa anaongea hakuinama, akagonga paji la uso kwenye fremu ya mlango wa jikoni.

Ilikuwa kawaida. Obura ni mrefu, na mlango ule ulijengwa na watu waliodhani wapangaji watakuwa wafupi. Alikuwa ameugonga tangu siku walipohamia. Mama Atieno akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika meza. Kisha akaikazia macho ile fremu.

"Baba Atieno, njoo usimame hapa. Hapa chini ya mlango. Simama wima."

"Nimeumia, mama."

"Utapona. Simama." Obura akasimama, nywele zikisugua mbao. "Hapo ukiruka utagonga nini?"

"Fremu. Si umeona?"

"Na Nzilani akisimama hapo, aruke?"

Obura akafikiria. Nzilani alikuwa anamfika kifuani. "Hatagonga kitu."

"Basi," Mama Atieno akasema. "Kiilu alikuwa anaongea nawe mimi nikiosha vyombo, nikasikia. Sifuri iko juu. Sifuri ndiyo hiyo fremu. Hiyo hasi unayoiogopa si kunidharau, ni nafasi iliyobaki kati ya kichwa na mbao. Wewe umenipandisha nikiwa nasema moja, mbili, kichwa kikafika mbao. Halafu nikaruka. Na unajua kabisa huwa naruka."

"Mashine yangu nilikuwa naisukuma."

"Mashine yako fremu yake ilikuwa imefungwa blanketi. Ukiigonga inakubembeleza. Hii ni mbao tupu."

Obura akalisugua paji la uso wake. Ilikuwa ni kweli, na ilikuwa rahisi, na mbaya zaidi Kiilu alikuwa ameisema.

"Tangu lini unajua mambo ya mita?" akauliza.

"Sijui mita. Najua kichwa chako."

Wakarudi studio. Obura akashika kirungu cha mixa, akamwambia ajaribu tena, na Mama Atieno akakataa kusema moja, mbili. "Nani atakayeimba moja, mbili harusini? Pima kwa kile kitakachokusumbua."

"Koo lako je?"

"Vigelegele ni kazi ya ulimi. Koo litasaidia tu."

Akapiga vigelegele, vifupi. Nyekundu ikawaka papo hapo. Obura akarudisha kirungu chini. Mama Atieno akapiga tena, nyekundu ikawaka tena, ila kwa kujivuta. Obura akashusha zaidi. Akapiga tena, na safari hii nguzo ilipanda, ikapita kijani, ikaingia manjano, ikasimama chini kidogo ya sifuri na kurudi. Nyekundu haikuwaka. Obura alikuwa bado anaikodolea macho nguzo, mlango wa mbele ulipogongwa kama unaovunjwa.

Alikuwa Nzilani, mikono imejaa unga wa chapati, leso inaburuzika.

"Nani amezaa?" akauliza akihema. "Ni Atieno? Kabla ya harusi? Mbona hamkuniambia, Mama Atieno, mimi ni mtu wa kusikia vigelegele kama mpita njia?"

Nje hali ilikuwa mbaya zaidi. Mke wa Andati alikuwa ameshaanza kujibu vigelegele kutoka upande wa pili wa barabara bila kujua anashangilia nini, na wanawake wengine walikuwa wanakuja wakifunga vitambaa vizuri. Ilibidi Obura atoke aeleze.

"Hakuna aliyezaa. Tunapima."

"Mnapima nini?"

"Mama Atieno."

Wakaangaliana, wakarudi makwao. Nzilani peke yake ndiye aliyekataa kuondoka. Aliposikia ni kazi gani inayofanyika, aliosha mikono, akaketi kwenye kona juu ya kreti ya soda, akaapa kwamba hatapumua. "Nimesimama mbele yako miaka yote," akamwambia rafiki yake. "Leo na mimi nikae nyuma."

Mama Atieno akanywa maji yake ya asali, akasimama mbele ya maiki, akafumba macho. Obura akabonyeza kurekodi.

Hapo ndipo mateso yalipoanza. Ubeti wa kwanza ulikuwa mpole, na nguzo ilikaa huko chini kwenye hasi ishirini na kitu, kijani kidogo, kinyonge, chenye kusikitisha. Nafasi tupu juu yake ilikuwa kubwa. Vidole vya Obura vikatambaa mezani vyenyewe kuelekea kirungu. Kidogo tu, akajiambia. Amsogeze kidogo tu, nani atajua? Mama Atieno akafumbua jicho moja, akamwangalia bila kuacha kuimba, akainua nyusi. Obura akarudisha mikono, akaikalia.

Aliikalia mpaka ikafa ganzi. Ubeti wa pili ukaja, Mama Atieno akaruka kama kawaida yake, na nguzo ikapanda kwa furaha na kushuka, ikiwa na mahali pa kupanda. Toka mwanangu, akaimba, toka usiangalie nyuma, mimi niko mlangoni. Sauti ilianza kuchanika pembeni, Obura akaisikia, na Nzilani akajaza leso mdomoni. Kisha vikaja vigelegele, si vile vifupi vya kupimia. Vilikuwa virefu, vilipanda juu ya vyenyewe, vikapanda tena, na Obura akaitazama nguzo ikipita hasi sita, ikipita hasi tatu, ikifika hasi moja, na hapo ikasimama. Juu yake palibaki nafasi ndogo sana, nyembamba, lakini ilikuwepo.

Mama Atieno akashika shingo. "Basi," akasema, na hakukuwa na sauti zaidi.

Obura akapiga wimbo kwenye spika. Hakuna aliyekaanga kitu. Hakukuwa na maji yanayochemka, wala korido, wala migongo ya watu. Alikuwepo Jacklyne Aoko peke yake, karibu, mzima, mpaka ungeweza kusikia anavyomeza mate kabla ya neno "mwanangu". Obura akalia. Hatutamfichia, alilia na makamasi yakamtoka mbele ya jirani.

"Mbona hukuniambia?" akasema. "Mama Atieno, mbona hukuniambia kwamba uko hivi?"

Mama Atieno akamsogelea sikioni ili asitumie nguvu. "Nilikuambia," akanong'ona. "Nilikuwa jikoni."

Jumatatu akalazwa, akapasuliwa, na uvimbe ukatoka wote. Akarudi nyumbani na bandeji shingoni na amri ya kutosema neno mpaka aruhusiwe. Kiilu alishauhamishia wimbo kwenye kaseti, akatoa na nyingine ya akiba, na Obura akamshukuru kwa mkono na kwa mdomo, jambo ambalo Atieno hulisimulia mpaka leo.

Lakini nyumba ilikuwa imenyamaza. Obura hakuwa amejua ni kiasi gani cha siku yake kilikuwa kuchekwa. Alichoma ugali, hakuna aliyesema kitu. Aligonga kichwa kwenye fremu ya jikoni, akasubiri, kisha akakumbuka. Mama Atieno alitabasamu tu kwa macho, na tabasamu hilo lilimuumiza kuliko fremu. Usingizi ulimkimbia. Wimbo alikuwa nao, safi kabisa, na angetoa huo wimbo na kaseti zote alizowahi kurekodi ili mwanamke huyu amtukane hata mara moja.

Siku ya ruhusa ikafika. Daktari akamwambia Mama Atieno ajaribu pole pole, nyumbani, bila kujikaza. Akajaribu asubuhi akapata pumzi. Akajaribu baada ya chai, pumzi. Akaweka kikombe chini, akaangalia dirishani, na Obura akaona mabega yake yakianza kutikisika.

Obura alitoka nje akamwomba Nzilani azime redio, Nzilani akaizima bila kuuliza. Akarudi, akamshika mkewe mkono, akampeleka chumba cha nyuma. Akaleta kiti. Akaisogeza maiki.

"Karibu," akasema. "Karibu zaidi. Zaidi ya hapo."

Mpaka midomo ya Mama Atieno ikawa inakaribia kuigusa. Obura akawasha programu, akavaa hedifoni, akatulia. Nguzo kwenye skrini ilikuwa tupu kutoka juu hadi chini.

Mama Atieno akafungua mdomo. Sikio la kawaida lisingesikia kitu. Lakini huko chini kabisa, kwenye mguu wa nguzo, kijani kikamemeteka, kikazima, kikamemeteka tena, na haikuwa pumzi, maana pumzi ya mkewe, Obura alikuwa ameitazama kwenye skrini hiyo tangu wakae na haikuwa imefika hata hapo.

"Hasi hamsini!" Obura akapiga ukelele ambao wanaume wengine huuweka kwa ajili ya goli. "Mama Atieno, uko hasi hamsini! Uko hapa! Nimekuona!"

Mkono wake haukwenda kwenye kirungu. Haukuikumbuka hata kazi hiyo. Aliinama juu ya mkewe, akaegemeza uso karibu na maiki kusikia zaidi, machozi yanamdondoka kwenye nyaya, mpaka akawa ameiziba maiki yote kwa kichwa chake kikubwa. Mama Atieno akakusanya nguvu zake. Kijani kikapanda, kikafika hasi arobaini, na kwenye hedifoni za Obura ikaingia sauti nyembamba, yenye mikwaruzo, ambayo angeitambua mahali popote.

"Rudi nyuma kidogo, Baba Atieno," ikasema.

Akarudi. Akarudi mpaka mgongo wake ukagonga trei za mayai, akasimama hapohapo ukutani, akiitazama nguzo ya kijani ikipanda kidogo kila mkewe alipocheka.